Je, Ni Dhambi Kumwachia Mtoto TV?

Tumsifu Yesu Kristo!

Natumaini umeitikia, hata kama ni moyoni. Likumbuke hilo tendo dogo la kuitikia, maana nitalirudia huko mbele.

Likizo iliyopita nilikaa kwa dada yangu Goba. Kazi niliyopewa ilikuwa moja tu: jioni nikamchukue mpwa wangu wa miaka mitatu kwa mama mmoja anayelea watoto nyumbani kwake, mtaa huo huo. Wenyewe wanapaita deikea, ila hakuna kibao wala bembea. Ni sebule, mkeka, jiko la mkaa uani, na TV ukutani. Siku ya kwanza nilipopiga hodi, watoto kumi na mmoja walikuwa wamekaa mkekani, nyuso zote zimeelekea ukutani. Nikamwita mpwa wangu kwa jina mara tatu. Hakugeuka.

Kwenye TV kulikuwa na katuni inayouliza maswali. "Hii ni rangi gani?" ikauliza, halafu ikanyamaza kidogo ili watoto wajibu. Binti mmoja mdogo akapaza sauti: "Bluu!" Rangi ilikuwa nyekundu. TV ikajibu kwa furaha: "Vizuri sana! Umepatia!" Yule binti akatabasamu.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu za mtu aliyesoma falsafa, nikiwa nimeshaandaa hoja. Kesho yake nikafika mapema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Frateri. Karibu."

Nikaanza. Kwamba watoto wanaangalia TV mno, kwamba akili ya mtoto ni amana, na kadhalika. Mama wa watu hakukasirika. Akafuta mikono kwenye kanga, akaniambia, "Sawa baba. Basi kaa nao, mimi nikasonge ugali. Hiyo TV izime."

Nikaizima. Kusema ukweli, dakika kumi za kwanza nilikuwa naangalia simu yangu. Ndani ya dakika ishirini mmoja alikuwa amemng'ata mwenzake, wawili wanataka chooni kwa wakati mmoja, na mwingine ameanza kumlilia mama yake hadi kilio kikasambaa mkeka mzima. Nilichofanya baada ya hapo naona aibu kukiandika: nilichukua rimoti, nikawasha TV.

Nyumba ikatulia. Mama akachungulia kutoka uani, akaiona TV, akaniangalia. Hakusema neno. Alicheka tu.

Tangu siku ile, lile swali kwamba ni dhambi au si dhambi siwezi kuliuliza nikiwa nimesimama mlangoni kwa mtu. Nimelazimika kuliuliza nikiwa nimekaa mkekani.

Kitendo, nia na mazingira

Katekisimu inatufundisha kwamba uadilifu wa tendo hupimwa kwa mambo matatu: jambo lenyewe linalotendwa, nia ya mtendaji, na mazingira. Tupime basi.

Jambo lenyewe: kuwasha TV si uovu. Nia: yule mama anataka watoto wasisogelee jiko la mkaa wakati anapika. Ni nia njema kabisa. Mazingira: mtu mmoja, watoto kumi na mmoja, na malipo ya shilingi elfu mbili kwa mtoto kwa siku, uji na ugali humo humo. Ukipima hivi, TV ya nusu saa wakati wa kupika huwezi kuiita dhambi. Mimi mwenyewe ningemwondolea hatia mara moja, na si kwa sababu tu ya rimoti.

Shida ni kwamba nusu saa hiyo imekuwa siku nzima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halishauri kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili kuwekwa mbele ya skrini. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne linasema isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Mpwa wangu hufikishwa pale saa kumi na mbili asubuhi. Saa yake moja inaisha hata uji haujapoa.

Lakini sitaki tuishie kwenye kuhesabu saa. Tujiulize hivi: tuseme TV ile inaonyesha mambo mema matupu, kutwa nzima. Maisha ya watakatifu, nyimbo za Utoto Mtakatifu, hesabu na herufi. Je, hapo tatizo limekwisha?

Mtu atasema ndiyo, na ana ushahidi wake. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la Ubongo linatengeneza katuni ya Akili and Me kwa ajili ya watoto ambao hawajaanza shule, na utafiti uliofanyika Morogoro, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba walioiangalia walipata maendeleo katika mambo kama kuhesabu na kutambua maumbo. Nakubali. Kipindi kizuri kinafundisha, na ni heri hicho kuliko tamthilia za watu wazima.

Bado namkumbuka yule binti na "bluu" yake. TV ilimsifu. Ingemsifu vile vile kama angesema "kijani", kama angekuwa amelala, au kama chumba kingekuwa kitupu. Ile sifa haikuwa yake, maana hakuna aliyemsikia.

TV haiitikii

Sisi Waswahili tunalea kwa kuitikiana. Hodi, karibu. Shikamoo, marahaba. Hadithi hadithi, hadithi njoo. Hata imani tunairithisha hivyo hivyo, na Misa yenyewe ni majibizano. Mtoto anapotamka neno na mtu mzima akaitikia, anajifunza neno, na zaidi ya hapo anajifunza kwamba yupo. Kwamba akisema, dunia inageuka kumtazama.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Tagaste, Algeria ya leo, mwaka 354, ana jambo zuri kuhusu hili katika kitabu cha kwanza cha Maungamo yake. Kigiriki alikichukia, alifundishwa shuleni kwa vitisho na adhabu. Kilatini alikipata bila maumivu, katikati ya mabembelezo ya yaya zake na vicheko vya watu waliocheza naye. Tafakari hilo: mwalimu mkubwa wa Kanisa, ambaye maneno yake tunayasoma hadi leo, maneno ya kwanza aliyapata kwa yaya. Majina ya yaya hao hayakuandikwa popote.

Sayansi ya siku hizi inakwenda njia hiyo hiyo. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Marekani. Watoto wa miezi tisa kutoka familia za Kiingereza walikutanishwa na watu waliocheza nao na kuwasomea vitabu kwa Kichina, vipindi 12. Baadaye waliweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo wenzao hawakuzitofautisha. Kundi jingine lilipewa wasemaji wale wale na muda ule ule, ila kwa njia ya TV. Hao hawakuambulia kitu. Sauti waliisikia, sura waliiona. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaitikia.

Ndiyo maana Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa nchini mwetu Desemba 2021, haikuishia kwenye chanjo na lishe. Inataja pia malezi yenye mwitikio. Kumbe hata Serikali imeona kwamba kuitikiwa ni hitaji la mtoto kama uji.

Deni ni la nani?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapotetea haki ya wazazi juu ya watoto wao, anasema mtoto akishazaliwa, kabla hajaweza kutumia akili yake, anakuwa chini ya uangalizi wa wazazi kama ndani ya tumbo la uzazi la kiroho. Yaani mimba ya kwanza inaisha labour, ya pili inaendelea nyumbani. Ndani ya tumbo hilo la pili mtoto hulishwa kwa uso, sauti na mkono.

Haki, tulifundishwa, ni kumpa kila mtu kilicho chake. Basi mwitikio ni haki ya mtoto, si zawadi tunayompa tukiwa na nafasi. Ni deni. Mwaka 1994, katika ujumbe wake kuhusu televisheni na familia, Papa Yohane Paulo II aliwaonya wazazi waliozoea kuifanya televisheni kuwa yaya wa kielektroniki kwamba wanajivua wajibu wao wa kuwa walimu wa kwanza wa watoto wao.

Ni kweli. Lakini tukifika Goba na onyo hilo, tuangalie tunamwambia nani. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mtoto hajafikisha hata miezi mitatu, mama anarudi kazini. Na huyo ndiye mwenye ajira rasmi. Anayeuza nguo Kariakoo au chakula Mbezi hana wa kumpa hata siku moja ya malipo. Anatoka Goba bado giza, anapambana na daladala, anarudi giza limeingia. Dada yangu ni mmoja wao. Nikimwambia amejivua wajibu, nitakuwa nimepatia maneno na kukosea mtu.

Hapa nafikiri ndipo ubaya wenyewe ulipo. TV hailipi lile deni. Inachofanya ni kumnyamazisha mdai. Mtoto aliyekosa mtu wa kumwitikia hulia, na kilio chake ni dai halali: wazazi, majirani, Kanisa, Serikali, mko wapi? Tukiwasha TV, dai halisikiki tena. Nyumba inatulia, na sisi sote tunahisi tumelipa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kutetea kiboko. Mimi sasa naisikia hivi: usiogope kilio cha mtoto kiasi cha kukizima kabla hujakisikiliza.

Basi ni dhambi? Kwa yule mama, sithubutu kusema hivyo. Anabeba peke yake mzigo wa nyumba kumi na moja. Kwa dada yangu, sioni. Ninayemwona na hatia kidogo ni mimi. Nilikuwa na likizo, nguvu, elimu na mikono miwili. Watoto wakawekwa mbele yangu, na dakika kumi za kwanza nikazitumia kwenye simu. Mimi nilikuwa naangalia skrini ndogo, nikaja kumhukumu mtu kwa skrini kubwa. Mwinjili Marko anaeleza kwamba Yesu aliwakumbatia watoto na kuwawekea mikono. Mtu mwenye simu mkononi hawezi kumkumbatia mtoto vizuri. Jaribu uone.

Mkono mmoja haulei mwana

Siku zilizobaki za likizo nilikwenda pale kila saa tisa alasiri, kwa saa moja. Simu niliiacha nyumbani. Mama alizima TV, akaenda kupika kwa amani. Sikuwa mwalimu hodari, bado waling'atana. Lakini "hadithi hadithi" nikisema, watoto kumi na mmoja waliitikia, na waliponiuliza kitu nilijibu.

Siku moja nilishika kifuniko chekundu cha ndoo, nikamuuliza yule binti, "Hii rangi gani?"

"Bluu!"

"Hapana, siyo bluu. Angalia tena."

Hakutabasamu kama siku ile ya TV. Alikunja uso. Alitazama kifuniko, kisha akanitazama mimi machoni kwa muda mrefu, kama anayenipima. Ilichukua siku tatu kufika kwenye nyekundu.

Kijana mwenzangu, mtaani kwako nyumba kama ile haikosekani, na pengine iko ndani ya jumuiya yenu ndogondogo. Sikuombi uende kuhubiri, mimi nilishajaribu. VIWAWA au wanakwaya mkipangana, kila mmoja saa moja kwa wiki, mama mmoja anapata msaidizi kila siku. Ongeeni naye kwanza, na wazazi wajue nani anakuja, maana usalama wa watoto ni sehemu ya upendo. Na wewe uliyekwisha kuwa mzazi, ukifika jioni umechoka, mpe mtoto dakika kumi tu za uso wako kabla ya kitu kingine. Kama uwezo upo, muulize mlezi wake kama anachopokea kinamtosha.

Tuombe: Ee Bwana, usiyeacha kutuitikia tunapokuita, utupe masikio ya kuwasikia wadogo, na uwabariki mama wote wanaolea watoto wasio wa tumbo lao. Amina.