Mjinga wa Ofisini na Fumbo la Kuuliza

Anayeanza kazi ya kwanza ofisini hupewa wosia mmoja na kila mtu: uliza. Wosia huo una kasoro ya kale. Katika majadiliano ya Plato yaitwayo Meno, yaliyoandikwa Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo, kijana Meno anamwekea Socrates mtego. Mtu atakitafutaje kitu asichokijua kabisa? Anachokijua hana haja ya kukiuliza. Asichokijua hawezi hata kukitaja, na akikikuta njiani atakipita.

Kwa mhasibu au ofisa mpya, mtego huu si mchezo wa maneno. Asubuhi ya kwanza anaulizwa kama ana swali, anajibu kwamba hana, na amesema kweli. Swali litakuja wiki ya tatu, dokezo lake litakaporudishwa na hakuna aliyemweleza kosa liko wapi.

Kiswahili hutenganisha ujinga na upumbavu. Mpumbavu ameambiwa na bado haelewi; mjinga hajaambiwa. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, aliitwa mjinga hata mgeni aliyewasili karibuni kutoka bara, ambaye hajazijua desturi za mji, na mara nyingi mgeni huyo alikuwa mtumwa. Neno lilibeba dharau, ila dharau yenye mwisho: ujinga humtoka mtu kadiri anavyokaa.

Socrates naye, katika kumjibu Meno, anamwita mtumwa. Ni kijana ambaye hajawahi kufundishwa jiometri. Anachorewa mraba wenye upande wa futi 2, kisha anatakiwa kutafuta upande wa mraba wenye eneo mara mbili ya huo. Anasema 4, eneo linatoka 16 badala ya 8. Anasema 3, linatoka 9. Hapo anakiri kwamba hajui. Socrates anashikilia kwamba kukwama huko ni faida, kwa kuwa mwanzoni kijana hakujua na akadhani anajua, ila sasa hajui na anataka kujua. Kwa kuulizwa hatua kwa hatua, anafika kwenye ulalo wa mraba wa kwanza, ambao ndio upande uliotafutwa. Plato anaeleza kwamba roho inakumbuka yale iliyoyajua kabla ya kuzaliwa. Si lazima kukubali hilo ili kuona kwamba swali lenye maana huja baada ya kujaribu na kukosea mbele ya mtu mwenye subira. Aliyeandika rasimu mbovu ana maswali bora kuliko mwenzake aliyeshinda akisoma miongozo.

Sheria imelitatua fumbo hili kwa njia nyingine: haisubiri swali. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa kwa maandishi maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Mwajiriwa asipoyaelewa, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Na wakifikishana mbele ya sheria bila mwajiri kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wa mwajiri. Kuna falsafa nzito humo kuliko inavyodhaniwa: anayejua ndiye mwenye wajibu wa kusema, na ukimya wake hauwezi kugeuzwa kosa la asiyejua.

Lakini mkataba hauwezi kuandika kila kitu. Michael Polanyi, mwanakemia mzaliwa wa Hungaria aliyegeukia falsafa, alilirudia fumbo la Meno katika kitabu chake cha 1966, The Tacit Dimension. Kwake, ujuzi mwingi hauna maneno: mtu huutambua uso wa anayemfahamu kati ya maelfu, asiweze kueleza ameutambuaje. Ofisi imejaa ujuzi wa namna hiyo. Mzee wa masijala anajua faili lipi halipandi kwa mkuu wa idara siku ya Ijumaa, lakini akiulizwa "Utaratibu ukoje?" atasema hakuna utaratibu. Akiamkiwa shikamoo na kuombwa aonyeshe faili moja lililopita vizuri, ataeleza nusu saa. Kwa hiyo maswali ya kufaa ni machache, na yote huomba kuonyeshwa. Kazi kama hii ikikamilika inafananaje? Nani huipitia kabla haijatoka? Kosa lipi likishatoka halirudishiki? Nikikwama, nimwone nani?

Ugumu uliobaki ni aibu, na aibu hii ina sababu. Methali inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tena kifungu cha 35 cha sheria hiyohiyo ya ajira kinamwacha aliyeajiriwa kwa chini ya miezi 6 nje ya ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Muda ambao kuuliza kunahitajika zaidi ndio muda ambao kuonekana hujui kunatisha zaidi. Hapo kumlaumu mgeni kwa kunyamaza ni kumwonea. Ofisi inayotaka maswali huyafanya yawe salama, nayo hunufaika, kwani mgeni njoo, mwenyeji apone: swali la mjinga humlazimisha mwenyeji kusema alichokuwa akikifanya kwa mazoea tu, na mara nyingine kugundua kwamba hakina sababu.

Kuna swali moja lisilotokana na ujinga. Mwajiriwa mpya anapewa hati asaini, na tarehe iliyoandikwa ni ya mwezi uliopita. Anauliza kwa nini, anaambiwa hapa ndivyo tunavyofanya. Hakuna mjinga hapo. Kila mtu mezani anajua kwamba tarehe si ya kweli. Swali lake ni kukataa kulikovikwa adabu, na lina njia yake ya kiofisi: kuomba agizo hilo liandikwe kwenye dokezo, kwa jina na cheo cha aliyelitoa.