Mhunzi Asiyetajwa

Mtu akivunjika mkono hapa Tunduma, mgeni wa kwanza huja na pole, wa pili huja na sukari, wa tatu huja na methali. Nimekalia mikeka ya wagonjwa ya kutosha kuijua itakuwa ipi: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mara nyingi husemwa mtu akiwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake mlangoni. Mgonjwa huitikia, "Kweli kabisa, tunashukuru," kisha hubaki anautazama mkono wake.

Jirani yangu mchoraji aliambiwa hivyo mara nyingi mpaka akawa anaimalizia mwenyewe kabla mgeni hajafika kwenye uhunzi. Kazi yake ni kuandika: ubavuni mwa malori, kwenye kuta za maduka, kwenye vibao vya saluni na vya mafundi cherehani. Bodaboda aliyopanda ilikuwa inakwepa foleni ya malori kutoka Mpemba kwenda mpakani. Ikateleza kwenye kokoto, yeye akaanguka na mkono wa kulia chini. Kiwiko kilipona, kifundo cha mkono kikavunjika. Alifungwa hogo kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, akaambiwa wiki sita, halafu wataona.

Nilikaa naye sana wiki zile, na methali ile ikanisumbua. Nadhani wengi tunaoitamka hatuoni kitu kimoja vichwani mwetu. Huku kwetu ukimtuma saidia fundi akuletee koleo, atakuja na beleshi la kuchotea zege. Koleo la methali ni lingine: vyuma viwili vilivyounganishwa kama mkasi, ambavyo mhunzi hushikia chuma kikiwa chekundu. Nyundo hupiga, fuawe hupokea kipigo, mivukuto huchochea moto, ila koleo ndilo linalokaa kati ya moto na mkono. Likivunjika, chuma bado kipo, makaa yanawaka na nguvu za mhunzi ziko pale pale, lakini hakuna pa kushikia. Aliyetunga methali hii angeweza kutaja nyundo. Alichagua chombo ambacho kikikosekana unabaki unaitazama kazi yako ikipoa mbele yako.

Tena koleo lina ajabu yake. Mvuvi hununua ndoana na mkulima hununua jembe, lakini koleo la mhunzi hutoka katika karakana ile ile linamotumika. Mhunzi hujifulia mwenyewe. Sasa la kwanza alilifua akilishikia nini? Ama aliazima la mwenzake, ama alifanya kama walivyofanya wahunzi wengi wa zamani barani humu, akapasua kijiti kibichi na kukibania chuma, akawahi kupiga kabla kijiti hakijaungua. Hilo la kuazima na la kijiti kibichi ndilo ninaloliona ndani ya methali, ingawa wanaotuambia tusikate tamaa hulipita haraka.

Lugha ya methali ni ya pwani, lakini huku haiji ugenini. Mkoa wa Songwe ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016; uhunzi wake ni mkongwe. Wanyiha wa Mbozi, kama jirani zao Wafipa, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo marefu kumzidi mtu, kisha wakafua majembe na mashoka. Na pale Ndolezi kuna kimondo cha Mbozi, bonge la chuma ambalo wapo wanaolikadiria tani 12 na wapo wanaosema 16. Huwa nawaza mhunzi wa zamani akipita kando yake na kikapu cha mawe yake kichwani. Chuma hicho hapo, kimeshuka kutoka juu kikiwa tayari, na hakuna koleo duniani la kukibana.

Uhunzi ule wa kuyeyusha mawe haupo tena. Ulififia enzi za ukoloni, majembe ya kiwandani yaliyokuja kwa meli yalipokuwa rahisi kuliko jembe la mhunzi wa kijijini. Makoleo hayakuwa na kosa lolote; pengine mengine yalikuwa mazima kabisa yakiwa yametundikwa ukutani. Ndiyo maana naiheshimu methali hii kwa kile isichokiahidi. Inasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Haikusema kwamba uhunzi hauna mwisho.

Jirani yangu aliliona hilo kabla yangu. "Mkono utapona, kaka," aliniambia siku moja, "lakini wateja hawafungwi hogo." Mjini pameingia mashine za kukata stika na za kuchapa mabango ya turubai, na dereva anayesubiri karatasi zake zigongwe mhuri ili avuke kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, hawezi kumngoja mtu wiki sita. Tangu mwaka 2019, kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa, lengo ni malori yakae muda mfupi zaidi. Hilo ni jema kwa biashara ya nchi, ila kwa mtu anayechora herufi kwa mkono saa zimepungua. Kilichokuwa kinamkosesha usingizi hakikuwa mfupa.

Hapo nikaisoma methali tena taratibu. Koleo limetajwa, uhunzi umetajwa. Mhunzi yuko wapi? Hayumo. Kiswahili kinatuwezesha kumruka, kwa kuwa tukiweka ule u- mbele ya neno tunapata kitu kisichougua wala kudaiwa kodi ya chumba: uhunzi, usanii, ualimu. Uhunzi unaweza kungoja wiki sita, hata karne. Anayeumwa ni yule wa m-, naye methali imempita. Mgeni anapoitamka mlangoni anaufariji uhunzi, ambao haukuvunjika. Mwenye hogo anasikia kama anaongelewa mtu mwingine.

Sisemi methali ina kasoro. Nasema imeacha nafasi katikati, na hapo ndipo msanii aliyeumia anapoishi. Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910, aliungua vibaya usiku mmoja wa mwaka 1928 gari lake la kuishi liliposhika moto. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na cha mwisho, havikupona vizuri tena. Kwa miezi mingi alijifunza gitaa upya, akiziendea nyuzi zaidi kwa vidole viwili vilivyobaki, na leo wapigaji wenye vidole vyote huhangaika kumfuata. Kwake koleo la zamani halikurudi. Alifua lingine kwa kipande cha lile lililovunjika, na umbo la koleo jipya likabadilisha umbo la kazi.

Karibu na nyumbani yupo George Lilanga, Mmakonde wa kusini aliyefika Dar es Salaam na kupata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa kabla ya kuwa mmoja wa wachoraji wetu wanaojulikana zaidi nje, na mashetani wake wenye masikio makubwa na vitumbo vya kuchekesha. Katika miaka yake ya mwisho kisukari kilimnyang'anya miguu. Hakuacha kazi mpaka alipofariki mwaka 2005, lakini mikono mingine ilimsaidia. Wapo wanaonong'ona juu ya hilo, kama vile picha iliyojazwa rangi na msaidizi ni ya kughushi. Mimi naona kijiti kibichi tu. Mhunzi aliyeazima hajaacha kuwa mhunzi.

Jirani yangu naye aliazima. Wiki ya kwanza alilala. Ya pili alianza kujaribu kwa mkono wa kushoto juu ya maboksi yaliyobanjuliwa, akiwa na rangi iliyobaki kwenye kopo la maziwa, na akaiendea herufi ngumu kuliko zote: S. Nilimkuta uani akiwa na boksi zima la S, nyingine zimepinduka kama nyoka aliyekanyagwa, nyingine zimekuwa namba nane. Alikuwa anacheka peke yake. Miaka yote, alisema, hakuwahi kujua anaiandikaje. Mkono wa kulia ulikuwa unajua, haukuwahi kumwambia.

Wiki ya tatu akamwita kijana aliyekuwa akimsafishia brashi na kumshikia ngazi. Akamkabidhi brashi, yeye akakaa kwenye kigoda na hogo lake mapajani, akawa anaandika kwa mdomo. "Shuka. Usikimbie. Hapa tumbo, lijaze. Sasa punguza, punguza, hapo ni kiuno. Dogo, umekata kiuno." Kijana anafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kuanza upya. Niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona hata alipokuwa mzima: ufundi ukitoka mahali ulipojificha na kutafuta maneno. Alilazimika kujua anachojua. Malengo yake nayo yalipungua ukubwa hadi yakawa na umbo la siku. Asubuhi, kukunja na kukunjua vidole vilivyo nje ya hogo kama alivyoelekezwa hospitali. Mchana, S kumi za kushoto. Jioni, kijana amalize neno moja bila kufuta. Ule mpango wake wa kufungua karakana yenye kibao chake mwenyewe hakuutaja kwa wiki kadhaa, nami sikuuliza.

Hogo lilipofunguliwa mkono ulitoka mwembamba, umepauka, mgumu kama wa mtu mwingine. Akauweka juu ya meza tukautazama wote. Hakuna aliyetoa methali.

Siku chache baadaye dereva mmoja wa lori la shaba alitaka maneno nyuma ya tela lake: USISEME SANA. Maneno hayo yana S tatu. Ya kwanza aliandika fundi kwa mkono wa kulia, ikachukua muda, na mwishoni brashi ikatetemeka. Ya pili alimwachia kijana. Ya tatu, mkono ukiwa umeshachoka, akabadilisha brashi na kuiandika kwa wa kushoto, huku dereva akiwa amempa mgongo anaongea na simu. Zilikaa pale juu ya chuma, kila moja na mlalo wake. Kijana akainua kitambaa chenye mafuta ya taa, akamtazama fundi. Fundi akatikisa kichwa, akaanza kufunga makopo.