Mungu Hasahihishi Karatasi

Katika makanisa mengi ya Homa Bay na Migori, magharibi mwa Kenya, juma la mitihani likikaribia, watahiniwa huitwa mbele waombewe. Si watoto wa shule peke yao. Wamo watu wazima wenye familia: karani wa kaunti anayekitafuta cheti cha uhasibu cha CPA, muuguzi anayesubiri leseni, mhasibu wa Sacco, chama cha akiba na mikopo, ambaye bila CPA hapandi cheo. Matokeo yakitoka, aliyefaulu husimama kutoa ushuhuda na kanisa zima likashangilia. Aliyefeli hana nafasi katika utaratibu wa ibada, hukaa alipokaa. Kwa hiyo, mwaka nenda mwaka rudi, waumini husikia upande mmoja tu wa habari, na kwa upande huo wanajifunza kwamba Mungu huwafaulisha walio wake. Naamini fundisho hilo ni kosa, na anayelipa gharama yake ni yule anayeanguka karatasi ileile mara ya tatu, mara ya nne. Kufaulu kukiwa muhuri wa kibali, kufeli hakuna budi kuwa muhuri wa kukataliwa. Huwezi kuipokea nusu ya kwanza ya hoja hiyo ukaikwepa ya pili.

Mizizi ya jambo hili ni mirefu. Wamisionari wa Kiadventista walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, kanisa na shule vilikua pamoja, na baadaye mashine ya uchapishaji ikaongezwa. Aliyebatizwa alikuwa pia mtu wa kitabu. Si ajabu kwamba wajukuu wa waliobatizwa wanauona ufaulu kama tunda la imani. Lakini tuutazame mtihani wenyewe. KASNEB, bodi ya Kenya ya mitihani ya uhasibu iliyoanzishwa mwaka 1969, huwatahini wahasibu wa CPA kwa ngazi tatu, na alama ya kufaulu ni 50 kwa kila karatasi. Msahihishaji anaona namba ya mtahiniwa tu. Hajui kama ni mwema au mwovu, kama ametoa zaka au amemdhulumu nduguye. Aliyepata 48 na aliyepata 51 wanatofautiana kwa hesabu chache na pengine kwa usingizi wa usiku mmoja. Kuupachika uzito wa milele kwenye pengo hilo la alama tatu ni kuupa mtihani kazi ambayo haukutungiwa.

Wapo watakaosema kwamba mara moja ni bahati mbaya, ila mara tano lazima pawe na kitu. Kati ya Wajaluo kitu hicho kinaweza kuitwa chira, balaa inayomfuata aliyevunja mwiko. Kwingine kitaitwa laana ya ukoo au jicho baya. Siidharau hoja hii, kwa maana inatokana na kuona jambo la kweli: kufeli hujirudia kuliko tunavyotarajia. Hata hivyo, kujirudia kuna sababu zilizo karibu zaidi. Anayefanya mtihani Aprili akafeli, kisha akarudi Agosti, anarudi na kazi ileile ya mchana kutwa, vitabu vilevile, uchovu uleule na namna ileile ya kusoma, na sasa ameongezewa hofu na deni la ada. Lingekuwa jambo la kushangaza kama matokeo yangebadilika yenyewe. Tuna kumbukumbu chungu pia: miaka UKIMWI ulipozizika familia nyingi kandokando ya Ziwa Victoria, wengi waliusoma ugonjwa ule kama chira, na usomaji huo ukawachelewesha watu kufika hospitali. Wala kuhoji hivi si kuwasaliti wazee. Mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wahenga, alimtofautisha mzee anayezihifadhi imani za jamii na yule anayezipima kwa akili yake, na mmoja wa aliowahoji alikuwa Paul Mbuya Akoko, aliyepata kuwa Ker, yaani kiongozi, wa Luo Union, umoja wa Wajaluo. Kupima ni urithi wetu pia.

Maandiko yenyewe hayako upande wa wanaohukumu. Rafiki za Ayubu walimwambia kwamba msiba wake ni ushahidi wa dhambi, na mwishoni Mungu akawakemea wao. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimtaka Yesu aamue kama kosa ni lake au la wazazi wake. Alikataa yote mawili, akayaelekeza macho yao kwenye kazi iliyobaki kufanywa. Na Mwislamu wa Kendu Bay anayeamini kadari anajua kwamba kadari haisomwi kabla ya jambo kutokea, basi haiwezi kumwambia kama ajiandikishe tena au aache.

Sasa mtu ataniuliza: kama Mungu haongezi alama, tunaomba nini? Hapa ndipo ninapoona hoja nzito kuliko zote. Cheti cha mhasibu hakipo kwa faida ya mhasibu. Kipo kwa ajili ya mjane wa Mbita aliyeweka akiba yake kwenye Sacco, na mgonjwa anayengoja dawa zinazolipiwa kwa fedha zilizopita katika vitabu vya kaunti. Kumwomba Mungu amvushe mtu asiyejua ukaguzi wa hesabu ni kumwomba amdhulumu mjane huyo kwa siri. Mungu mwenye haki hawezi kuiba mtihani. Linalobaki la kuomba si dogo: utulivu, afya, uaminifu wa kukataa karatasi zilizovuja, na ujasiri wa kuitazama karatasi iliyokuangusha bila kujidanganya.

Pingamizi la mwisho linanigusa zaidi, kwa sababu hutoka kwa watu wenye huruma. Wanasema: mwachieni ahadi yake, maana bila kuamini kwamba safari hii Mungu atatenda, atakata tamaa. Lakini tumaini lililofungwa kwenye matokeo ya Agosti hufa Agosti, na likifa mara nyingi huondoka na imani yenyewe. Mtu asiyeuona ufaulu kama hukumu anaweza kujiuliza maswali ya kawaida: ni karatasi ipi, nimekosa wapi, nani anaweza kunifundisha, ada hii inamnyima nani karo. Majibu yakimwelekeza kurudi, atarudi na mpango mpya. Yakimwonyesha aache, abaki mtunza hesabu mwaminifu wa Sacco yake Rongo au Oyugis, ataacha bila kuwa amemkana Mungu, na mchungaji hana haki ya kumwita mwenye imani haba. Siku ile ya ibada ushuhuda unapotolewa, naye apewe dakika zake asimame, aseme alipofikia, na kanisa limwitikie kama lilivyomwitikia mwenzake.