Masikio ya Aliyeacha Pombe

Neno la juma: Marko 7:31–37

Huko Dekapoli watu walimletea Yesu kiziwi mwenye ulimi mzito, na umati ukasimama tayari kuona ajabu. Tukilisoma somo hili huwa tunakimbilia muujiza, na hapo katikati tunaruka jambo moja: Yesu hakumponya mbele yao. Alimchukua pembeni wakawa wawili tu, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama mbinguni, akashusha pumzi nzito. Ndipo masikio yakafunguka. Kisha akawaagiza watu wasiitangaze habari ile. Wakaitangaza hata hivyo, lakini lawama hiyo ni yao.

Somo hili limekaa nami juma zima kwa sababu ya ndugu mmoja wa usharika wetu aliyeacha mbege na gongo mwaka huu. Ameniruhusu niandike habari zake mradi nisimtaje jina wala mtaa. Alipoacha tulifurahi sana. Jumuiya ilimwimbia, akapewa kipaza sauti, akatoa ushuhuda, akina mama wakapiga vigelegele. Majuma machache baadaye alikuja nyumbani jioni, akakataa chai, akakaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Mchungaji, tangu niache, masikio yangu hayalali."

Ni mlio mwembamba wa nyenje, masikio yote mawili. Mchana, akiwa kazini, hana habari nao. Taa ikizimwa unaanza, na saa nane ya usiku umejaa kichwa kizima. Hakuwaambia waliompigia makofi, maana aliona haya: mtu aliyefunguliwa atalalamikaje? Mkewe alipoambiwa aliogopa, akadhani mumewe ameanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Mwombezi mmoja akasema ni pepo wa ulevi anagoma kutoka. Rafiki yake wa kilabuni alikuwa na ushauri mfupi kuliko wote: azimue.

Nataka nianze na huyu wa kilabuni, kwa sababu ana ukweli ambao sisi watu wa kanisa huwa tunaukwepa. Kwa baadhi ya watu, kama ndugu yetu, wakinywa, mlio hufifia. Usingizi huja, mikono hutulia, mtu huona amepata dawa. Tukimwambia kwamba pombe haimsaidii hata kwa saa moja, anajua tunamdanganya, na neno letu la pili hatalisikiliza. Aliyeandika Mithali 23 aliwajua walevi kuliko wahubiri wengi. Anamweleza mtu anayeona mambo ya ajabu, anayeyumba kana kwamba amelala juu ya mlingoti wa chombo baharini, aliyepigwa asijue amepigwa lini. Halafu anamnukuu akijiuliza ataamka saa ngapi ili akaitafute tena. Sura inaishia hapo, na mtu bado anaulizia pombe. Maandiko hayakumpamba wala hayakumwongezea toba ambayo hakuwa nayo.

Sasa, kwa nini masikio yalie baada ya kuacha, si wakati wa kunywa? Pombe hutuliza ubongo. Inaipa nguvu kemikali ya mwilini inayotuliza mishipa ya fahamu, na inaibana ile inayoiamsha. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo haukubali kulala tu. Unajifunza kusukuma upande wa pili ili aweze kusimama, kutembea na kwenda kazini. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja nje na mmoja ndani. Yule wa nje akiondoka ghafla, wa ndani anatoka mzimamzima. Ndiyo maana aliyeacha anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, hapati usingizi, na kijiko kikianguka sakafuni anashtuka. Mishipa ya kusikia nayo imo katika vurugu hiyo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halimo katika somo la leo, nalo ni la uhai. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku hapaswi kuacha ghafla bila mganga wa hospitali kujua. Dalili huanza ndani ya siku ya kwanza. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona wadudu ukutani, joto hupanda, na wapo wanaokufa. Hospitali zina dawa za kumshusha taratibu, na humpa vitamini B1, kwa kuwa pombe huimaliza mwilini na upungufu wake huharibu ubongo. Tunawaita watu madhabahuni wavunje chupa Jumapili, nasi wahubiri tunarudi nyumbani kula. Kwa maoni yangu, mkutano wa injili unaowaita walevi waache leo hii, na hauna gari la kuwafikisha hospitali usiku ule, haujajiandaa.

Ndugu yetu alipita salama katika siku hizo kwa rehema za Mungu, na kwa shemeji yake, nesi, aliyemng'ang'ania. Kutetemeka kukaisha, usingizi ukaanza kurudi vipande vipande. Mlio ukabaki. Wapo ambao kwao hupungua majuma yanavyopita na ubongo unavyotulia, na wapo ambao hubaki nao. Tukamwomba aende kliniki ya masikio, pua na koo. Hospitali za rufaa kama KCMC na Muhimbili zina idara hiyo. Alipokwenda, kwanza wakatazama kama kuna nta iliyoziba, maana wakati mwingine shida yote ni hiyo. Haikuwepo. Wakamketisha katika chumba kidogo kisichoingia sauti, wakamvalisha visikizio, wakamwambia ainue mkono kila anaposikia mlio. Sauti nene alizisikia vizuri. Zile nyembamba, alipoinua mkono zilikuwa zimeshakuzwa sana.

Akaulizwa kazi yake. Kabla ya kazi aliyonayo sasa, alikuwa kwa miaka mingi akiendesha mashine ya kusaga na kukoboa. Ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono wako akusikie, sauti ya mahali hapo imeshafika kama desibeli 85, na wataalamu husema sikio lisikae humo zaidi ya saa nane kwa siku. Alikaa humo kutwa, siku sita za juma, bila chochote masikioni zaidi ya pumba. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vya kupokea sauti, na kwa binadamu vikifa havioti vipya. Ubongo ukikosa habari kutoka kwavyo hujitahidi kusikiliza zaidi, mpaka unasikia mlio unaotokana na juhudi yake wenyewe.

Kwa hiyo mlio haukuja na kuacha pombe. Kwa kila dalili ulikuwepo zamani, tangu mashineni, na kila jioni alikuwa akiufunika. Alipoambiwa hivyo alicheka, jambo ambalo sikulitarajia. Akasema kumbe si huo tu. Deni la SACCOS nalo halikuanza mwaka huu. Na mtoto wao waliyemzika, ambaye hakuwahi kumlilia, amemlilia mwaka huu.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Sisi tulishangilia kana kwamba ameshafika, kumbe ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusikia mambo aliyoyakimbia kwa miaka. Mtu wa namna hiyo hapaswi kupandishwa jukwaani. Anatakiwa apatikane mtu wa kukaa naye pembeni.

Wazee wetu wanaujua mlio huu kwa njia nyingine. Aliyewahi kulazwa na malaria na kutundikiwa dripu ya kwinini atakumbuka masikio yalivyovuma hata sauti ya daktari ikawa inatoka mbali. Hakuna aliyesema ni pepo. Tulijua ni dawa, na dawa ilipokwisha mvumo nao ukaondoka. Aspirini nyingi huweza kufanya vivyo hivyo, na baadhi ya sindano, kama gentamaisini na streptomaisini, zinaweza kuacha madhara ya kudumu. Mwenye mlio amwambie daktari kabla ya kuandikiwa chochote. Nashangaa kwamba mgonjwa wa malaria akisema masikio yanavuma tunamwonea huruma, na aliyeacha pombe akisema maneno yaleyale tunamkemea.

Walutheri wenzangu mtakumbuka kwamba Martin Luther mwenyewe aliteswa na mvumo wa masikio. Mwaka 1527 ulimshika vibaya nyumbani Wittenberg. Mwaka 1530, wenzake walipokwenda Augsburg kuisoma imani yao mbele ya Kaisari, yeye alibaki katika ngome ya Coburg kwa kuwa alikuwa amepigwa marufuku na dola tangu 1521. Huko mvumo ulimrudia hadi akashindwa kusoma. Aliwaandikia rafiki zake waziwazi juu ya ngurumo zilizokuwa kichwani mwake. Juni akapata habari kwamba baba yake amefariki. Kichwa kilipomruhusu aliandika, akafafanua Zaburi ya 118 aliyoipenda kuliko nyingine, akaendelea kuwatafsiri manabii. Kilipomkatalia alikiacha kitabu.

Luther aliamini ni Shetani anayempiga. Sikubaliani naye hapo, na matabibu wa siku hizi wanaosoma habari zake hudhani alikuwa na ugonjwa wa sikio la ndani, ule unaoleta mvumo pamoja na kizunguzungu. Na ili tusimgeuze mlokole wa leo, niseme pia kwamba hakuacha bia. Mkewe Katarina aliipika nyumbani kwao. Ninachokichukua kwake ni kwamba aliwaambia watu. Hakuona kwamba kuvumiwa masikio kunaipunguza imani yake hata akafiche, na rafiki zake hawakumwambia kwamba angekuwa na imani ya kutosha kichwa kingenyamaza.

Ndugu yetu aliuliza kama ipo dawa ya kuukata. Daktari hakumficha: kidonge cha kuufuta hakipo. Lakini yapo mengi yanayosaidia. Wengi huuzoea, kwa maana kwamba ubongo huacha kuujali, na huo si usemi wa kumtuliza mgonjwa, hutokea kweli. Asilale katika kimya kabisa, kwa sababu kimya huukuza. Redio ya sauti ya chini au feni hutosha. Mwenye kusikia hafifu akipata kifaa cha kusikilizia, mara nyingi mlio nao hupungua, kwa kuwa ubongo unapata tena kitu cha kusikiliza. Mazungumzo na mshauri aliyesomea kazi hiyo, anayemfundisha mtu kuukabili woga wa mlio wenyewe, yana msaada uliothibitishwa. Unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti na mafuta ya moto havina msaada wowote, viacheni. Na kama mlio uko sikio moja tu, au unadunda pamoja na mapigo ya moyo, au kusikia kumepotea ghafla, au dunia inazunguka, asingoje Jumatatu.

Lipo jambo jingine ambalo wachungaji huona haya kuliuliza. Usiku wa mwenye mlio ni mrefu, na wa aliyeacha pombe ni mrefu zaidi. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, wapo wanaofikiria kujiua. Muulizeni kwa maneno ya wazi. Kuuliza hakumpandii mtu wazo hilo. Wengi hushukuru kwamba hatimaye kuna aliyethubutu.

Tulichofanya sisi ni kidogo. Wazee wawili wa kanisa, mmoja wao aliyeacha pombe miaka mingi iliyopita, wamekubali kupigiwa simu saa yoyote ya usiku. Simu ikiita hawaombi kwanza. Wanauliza amekula nini, kisha wanaongea mambo ya kawaida: bei ya kahawa, mbuzi aliyezaa, Simba na Yanga. Wakati mwingine wanaomba mwishoni, wakati mwingine yeye anasinzia kabla hawajafika huko. Yule mzee aliyeacha pombe ananiambia kwamba saa nane ya usiku anayetaka kunywa hahitaji hoja. Anahitaji kufika saa kumi na moja. Huduma ya maombezi nayo inaendelea, ila nimewaomba waombezi wasimwekee mikono mbele ya watu mpaka yeye mwenyewe aombe, na hakuna wa kumtaka atoe ushuhuda wa pili.

Mkewe naye ametupa somo. Ameacha kumuuliza kila asubuhi kama mlio umeisha, kwa sababu aligundua swali hilo lilikuwa linamrudisha kuutafuta. Sasa anamuuliza kama amelala.

Nina tangazo moja linalotokana na haya yote. Ndugu yetu ameanza kukaa viti vya nyuma, karibu na dirisha, na baadhi yenu mmeanza kusema amepoa. Hajapoa. Spika zetu zinamuumiza, na nimezipima kwa kipimo kile kile cha kupiga kelele kwa aliye umbali wa mkono: wakati wa pambio hatusikilizani. Kamati ya kwaya imekubali kwamba kuanzia Jumapili ijayo sauti itapunguzwa, na spika kubwa la kushoto, linaloelekea moja kwa moja kwenye mabenchi ya watoto wa Sunday school, litageuzwa. Vijana wa vyombo wamenuna kidogo. Nimewaahidi soda.