Saa ya Tarime, Saa ya Nairobi

Anayevuka mpaka wa Tanzania na Kenya leo kutoka Sirari, wilayani Tarime, kwenda Isebania hana haja ya kurekebisha saa yake. Tarime na Kenya zote ziko saa tatu mbele ya saa za ulimwengu, zile ziitwazo UTC. Lakini orodha ya kimataifa ya majira, ambayo kompyuta na simu nyingi duniani huitegemea, inasema haikuwa hivyo siku zote. Kwa mujibu wake, kati ya 1931 na 1936 Tanganyika ilikuwa mbele ya Kenya kwa nusu saa. Mwaka 1948 Tanganyika ikarudishwa nyuma robo saa, na Kenya ikawa mbele mpaka 1961. Wakurya wa pande zote mbili za mpaka waliamka na jua lile lile. Kilichowatenganisha ni amri za ofisini.

Orodha hiyo ilianzishwa na Mmarekani Arthur David Olson miaka ya 1980, na sasa iko chini ya IANA, wasimamizi wa majina na namba za mtandao. Maktaba za msimbo kama Luxon na Moment Timezone hutegemea data yake: unazipa jina la mahali na tarehe, nazo zinakupa tofauti na UTC. Jina letu Watanzania ni Africa/Dar_es_Salaam. Ukilifuatilia ndani, utalikuta limeelekezwa Africa/Nairobi, kwa kuwa watunzaji wanajifunga kwa miaka ya tangu 1970 tu, na tangu hapo miji hiyo miwili haijatofautiana. Basi uliza ilikuwa saa ngapi Tarime siku fulani ya mwaka 1950, na kwa kawaida utajibiwa kwa saa ya Nairobi, robo saa kando, bila onyo lolote. Rekodi ya zamani ya Dar es Salaam haijafutwa. Imewekwa katika faili la pembeni ambalo wachache hulifungua.

Robo saa ya mwaka 1950 haimdhuru mtu, najua. Hata hivyo inanifikirisha sana, maana inaonyesha kuwa saa ni makubaliano, na makubaliano yana wenyewe. Saa tunazotumia zimepimwa kwa longitudo 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu na usiogusa Tanzania popote. Tarime iko magharibi zaidi, karibu na nyuzi 34, kwa hiyo kwa wastani jua hufika utosini hapo zaidi ya dakika 40 baada ya saa kusema ni adhuhuri. Tumekubali kuishi hivyo ili mtu wa Mugumu, mji ulio jirani na hifadhi ya Serengeti, na mtu wa Dar es Salaam waweze kupeana ahadi.

Kupeana ahadi ndiko kunakopotea katika msimbo. Watengeneza programu wengi hufundishwa kuhifadhi kila wakati kwa UTC. Kwa jambo lililokwisha kutokea, kama malipo yaliyopokelewa, ushauri huo ni sahihi kabisa: tukio lina nukta yake, na hakuna serikali inayoweza kuisogeza. Ahadi ni jambo jingine. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kutoka tatu mbele ya UTC hadi mbili. Aliyepanga mwaka mmoja kabla mkutano wa Juba wa saa tatu asubuhi, akauhifadhi kwa UTC, alijikuta kalenda yake ikisema saa mbili. Hesabu haikukosewa hata kidogo. Kilichohifadhiwa hakikuwa kile watu walichokubaliana.

Kwa hiyo mgeni wa Chicago anapojaza fomu kwamba achukuliwe Mugumu saa 12 asubuhi kwenda hifadhini Serengeti mwakani, ningehifadhi maneno ya ahadi yenyewe: tarehe, saa hiyo (ambayo kwenye skrini yake itasomeka 6:00), na jina Africa/Dar_es_Salaam. UTC ikokotolewe safari ikikaribia, kwa orodha iliyosasishwa. Na jina nisingelibadilisha kuwa Africa/Nairobi, ingawa leo jibu ni lile lile. Tanzania ikija kuamua saa zake peke yake, watunzaji wa orodha watayatenganisha majina hayo mawili, na kila ahadi iliyoandikwa kwa jina la Dar es Salaam itafuata saa ya dereva anayesubiri Mugumu.