Nani Aliyejenga? Bi Khole, Miembe ya Bungi na Kauli ya Kutendesha

Hapa Makupa, na Majengo jirani yetu, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili mara nyingi hutajwa kwa jina la mwanamke: "kwa Bi Fulani". Hatuulizi ni nani aliyekandika kuta. Swali hilo, ambalo kwa nyumba ndogo laonekana la upuuzi, huwa zito tugeukiapo majumba ya watawala, hasa ya ukoo wa Seyyid Said bin Sultan wa Unguja, aliyeitwaa Mombasa mwaka 1837.

Binti yake, Bi Khole, alikuwa na nyumba ya shamba Bungi, kusini ya mji wa Unguja. Magofu yake yangalipo, na njia iliyopandwa miembe pande zote mbili huhusishwa naye. Masimulizi maarufu huifasiri miembe hiyo kwa mapenzi yake na watumwa. Mhakiki hana budi kuyatilia shaka: mwanamke aliyeamua kivuli kiangukie wapi amefanywa kisa cha chumbani, na waliochimba mashimo wamefanywa pambo la kisa hicho. Nduguye, Seyyid Barghash, alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, hakuna aliyetafuta sababu katika mahaba.

Je, tuseme Bi Khole alijenga? Kiswahili kina neno la haki zaidi: alijengesha. Kauli ya kutendesha humpa mwenye uamuzi heshima yake bila kuifuta mikono ya wengine. Hata hivyo ina dosari, nayo ni ya kimaadili kuliko ya kisarufi: humtia fundi wa ujira na mtumwa katika kiambishi kimoja. Sayyida Salme, dadake Khole, katika kumbukumbu alizochapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, aliyaeleza majumba na bustani za baba yao kwa mapenzi makubwa, kisha akautetea utumwa. Na hali mama yake mwenyewe alikuwa suria wa Kicherkezi!

Kwa maoni yetu, Bi Khole astahili kuitwa mtunzi wa Bungi kwa kipimo kile kile apimwacho Barghash. Lakini shuruti iliyoistawisha bustani ni sehemu ya maana yake, wala si tanbihi. Fundi wa Makupa akikorofishana na Bi Fulani huchukua mwiko wake akaenda zake. Wa Bungi hakuwa na njia hiyo.