Nani Amshuhudia Dereva?

Mwezi huu twataka kutafakari jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, walakini swali lililomo ndani yake ni la zamani sana. Ni habari ya vijana wanaojifunza udereva kwa njia ya simu.

Siku hizi kijana aliye Msimbati au Kitaya, mbali na mji, akiwa na simu ya mkononi na fedha kidogo ya intaneti, aweza kuketi chini ya mwembe akafundishwa sheria za barabara. Huonyeshwa alama na kuambiwa maana yake. Huulizwa maswali, na papo hapo huambiwa kama amepata au amekosa. Akimaliza, yako masomo yanayompa na cheti. Wazee wengine hucheka wakisema kwamba motokaa haiendeshwi kwa kidole. Vijana nao hujibu kwamba wazee huogopa kila lililo jipya. Sisi tusicheke wala tusikasirike, bali tuulize: Je, ni haki mtu apewe uwezo juu ya uhai wa wenzake kwa mafundisho ambayo hakuna mtu aliyemwona akijifunza?

Wala jambo hili si dogo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hata 29 hakuna kinachoua kuliko ajali hizo. Tena zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waendao kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Sisi wa Mtwara twaijua barabara yetu. Itokapo mjini hupita Mikindani, kisha huendelea hata Mingoyo, ambapo njia moja hushika Lindi na Dar es Salaam, na nyingine huelekea Masasi. Yafikapo majira ya korosho malori huongezeka, mchana na usiku. Kando yake hupita baiskeli zenye mizigo, mbuzi, wanawake wenye ndoo vichwani, na watoto watokao shule. Hao wote hawakumchagua dereva; wao hupita tu, wakiamini kwamba aliyeshika usukani anajua analolifanya.

Kwanza tuseme neno la haki juu ya simu. Chuo cha udereva ki mbali na vijiji vingi vya mwambao wetu, na nauli, chakula na malazi huweza kumshinda mtoto wa mvuvi au wa mkulima. Simu humfikia alipo. Haichoki akiuliza jambo lile lile mara kumi. Haimpendelei mtoto wa tajiri, wala haimwonei haya msichana atakaye kujifunza kazi ambayo wengi hudhani ni ya wanaume tu. Tena yako mambo ambayo simu huyafundisha vizuri kuliko tulivyofundishana sisi. Kwa mfano, huweza kumwonyesha kijana kwa hesabu kwamba motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa, ndio mwendo wa mwisho ulioruhusiwa na sheria katika makao ya watu, hupita karibu meta 14 kwa kila sekunde. Ikiwa mtoto amejitupa barabarani, na dereva amechukua sekunde moja kabla mguu wake haujagusa breki, motokaa imekwisha kwenda meta 14 kana kwamba haina dereva. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kukanyaga breki huzidi si mara mbili, bali mara nne.

Madereva wengi wa zamani hawakuyajua hayo. Walikuwa utingo, wakapakia na kupakua mizigo, wakaweka vigingi chini ya magurudumu, wakatazama mikono ya dereva wao hata siku moja akawaachia usukani. Wengi wao walikuwa hodari. Walakini utingo alirithi kwa mwalimu wake yote pamoja, mema na mabaya. Dereva wake akizoea kupita wenziwe penye kona, naye alizoea. Dereva wake akinywa pombe kabla ya safari, naye alidhani ndiyo desturi ya kazi. Mikono ilifundishwa, sheria haikufundishwa. Kwa hiyo asiidharau simu yule ambaye mwenyewe hajapata kuisoma sheria hata mara moja.

Lakini sasa tutazame upande wa pili. Waulizeni wapiga kasia wa mlango wa mto Ruvuma jinsi walivyojifunza kazi yao. Mafungu ya mchanga huhama kwa mafuriko. Mahali palipokuwa na kina mwaka jana, mwaka huu mtumbwi hukwama. Viboko wapo, na mamba wapo. Hakuna aliyefundishwa mto ule kwa maneno tu. Kila mmoja aliketi katika mtumbwi pamoja na aliyemtangulia, na huyo mkubwa hakumwonyesha maji peke yake, bali alimtazama pia yeye mwenyewe: je, huogopa mahali pa kuogopa? Je, hukaa kimya mawimbi yakizidi? Je, hukubali kurudi pwani abiria wanapomhimiza avuke? Mkubwa alipokwisha kuyaona hayo, ndipo alipowaambia watu, "Huyu aweza kuwavusha."

Kadhalika na motokaa. Simu humwambia kijana kwamba katika mteremko mkali, kama ule wa kushuka kutoka Newala, yafaa kutumia gia ndogo ili breki zisipate moto na kushindwa. Naye akiulizwa, hujibu sawasawa. Walakini simu haijui mguu wake utafanya nini lori lake likiwa limejaa, na mvua inanyesha, na tajiri wake amempigia kumwambia afanye haraka. Simu hupima alijualo mtu. Kumpima jinsi alivyo, hiyo si kazi yake.

Mataifa mengine yameliona hilo. Uingereza ilimlazimisha kila dereva mpya kupimwa njiani tangu mwaka 1935. Na mwaka 1996 ikaongeza mtihani wa maswali peke yake, pasipo kuuondoa ule wa njiani. Katika jimbo la California huko Marekani, kijana aliye chini ya miaka 18 aweza kusoma masomo ya darasani kwa intaneti. Lakini hana budi kuendesha saa 6 pamoja na mwalimu, na saa 50 pamoja na mtu mzima mwenye leseni, 10 katika hizo ziwe za usiku. Hata hapa kwetu, mwaka 2016 VETA pamoja na kampuni ya simu ya Airtel walianzisha programu iitwayo VSOMO, ili mwanafunzi wa ufundi ajifunze maelezo kwa simu, kisha aende karakana afanye kazi kwa mikono mbele ya mwalimu. Tena sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka anayejifunza awe kwanza na leseni ya kujifunzia, kisha apimwe. Askari wa usalama barabarani humpima, ndipo Mamlaka ya Mapato humpa leseni. Kila mahali simu yaweza kuchukua kazi ya kitabu, lakini haikupewa kazi ya shahidi.

Hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha maneno yetu. Leseni ni kitu gani? Wengi hudhani ni ruhusa tu, au kodi, au karatasi ya kumwonyesha askari ili akuache upite. La, leseni ni ushuhuda. Ni kana kwamba Serikali imesimama kando ya barabara, ikamwambia yule mama mwenye ndoo, "Mtu huyu ajaye tumemwona. Twakushuhudia kwamba anajua." Mama hawezi kumpima dereva mwenyewe, hana nafasi wala ujuzi. Amewekewa shahidi badala ya macho yake.

Makatekista waelewa neno hili kuliko watu wengine. Ninyi mwafundisha watoto wa Kipaimara Amri, Imani na Sala ya Bwana. Yuko mtoto ajuaye yote kwa moyo, asikosee hata neno moja. Nanyi hamtosheki kwa hayo tu, bali mwamtazama anavyokaa na wenziwe na anavyowatii wazazi wake, kabla hamjamleta mbele ya usharika. Mchungaji akikuuliza, "Je, huyu yu tayari?" haulizi kama mtoto amekwisha kusoma kitabu. Akuuliza kama wewe umemwona.

Basi, ikiwa leseni ni ushuhuda, dhambi zake twazijua zilipoandikwa. Kijana akimpa ndugu yake simu amjibie maswali, kisha akapokea cheti kwa jina lake, ameivunja amri ya nane, maana amemshuhudia jirani yake uongo. Hakumdanganya mtu wa Serikali tu. Amemdanganya yule mtoto wa shule ambaye hajamwona bado. Na kwa kuwa uongo huo huweza kumwaga damu, unagusa na amri ya tano. Daktari Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alitufundisha kwamba amri ile haitukatazi tu kumdhuru jirani mwilini mwake, bali yatuagiza tumsaidie. Asiyejua kuendesha, naye akaendesha, asiseme, "Sikukusudia." Alikusudia kupita penye watu bila kujifunza, hayo yalikuwa chini ya hiari yake.

Labda mtu atasema, "Mchungaji, wavilaumu vyeti vya simu, na viko vyuo vyenye kuta na mabati ambavyo huuza cheti kwa mtu asiyeshika usukani hata siku moja." Neno hili ni kweli, nalo latusaidia kuona vizuri. Tofauti hasa si kati ya simu na chuo, bali ni kati ya shahidi wa kweli na shahidi wa uongo. Simu haijasema kamwe kwamba imemwona mtu akiendesha. Mwalimu atiaye sahihi juu ya mtu asiyemfundisha, yeye asema ameona asichokiona. Ni afadhali simu isiyo na macho kuliko mwalimu aliyeyafumba yake kwa fedha.

Na mwingine atasema, "Mimi nasoma peke yangu kwa uaminifu, na Mungu ananiona, yatosha." Ndugu, ni vema, tena heri yako. Kujifunza pasipo kutazamwa na mtu ni kipimo kikubwa cha moyo, na asiyeiba majibu gizani ameanza kuwa dereva mwema kabla hajagusa motokaa. Walakini Mungu auonaye moyo wako hakumpa jirani yako macho ya kuuona. Kwa ajili hiyo ameweka mamlaka, kama Mtume Paulo alivyowaandikia Warumi katika sura ya 13, ziwe watumishi wake kwa faida yetu. Kukubali kupimwa na mwanadamu si kukosa imani kwa Mungu. Ni upendo kwa jirani, maana wamwondolea hofu ambayo hawezi kujiondolea mwenyewe.

Yatubakia neno moja, nalo ni zito kwa nyumba zetu wenyewe. Wako Wakristo wanaonunua pikipiki, wakampa kijana wa jirani aifanyie bodaboda, naye awaletee hesabu kila jioni. Humwuliza habari za fedha. Kama amejifunza, hawamwulizi. Akisema amesoma kwenye simu, hutosheka. Wasome Kutoka, sura ya 21, habari ya ng'ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Mwenyewe akiwa ameonywa, asimfunge, na ng'ombe akamwua mtu, sheria ya Musa haikumhukumu ng'ombe peke yake. Mwenyewe pia alihukumiwa. Pikipiki haina pembe, lakini mwenyewe ameonywa. Ampaye ufunguo mtu asiyepimwa, naye ametoa ushuhuda: amewaambia watu wote wa njiani kwamba mtu huyu anafaa, hali mwenyewe hakumtazama. Hesabu ya jioni haitamfidia mama aliyempoteza mtoto.

Basi twashauri hivi. Vijana wajifunze kwa simu, wala wasizuiliwe. Na mwenye simu asome pamoja na asiye nayo. Waitumie kama tutumiavyo kitabu. Kisha waende kwenye chuo kinachotambuliwa, washike usukani hali mwalimu yu kando yao, wapimwe kweli kweli na askari, wakikataliwa warudi kujifunza bila kutoa hongo. Usharika ukijua kijana mwaminifu aliyeshindwa na nauli au ada, ni afadhali kumchangia kuliko kuchanga baadaye kwa ajili ya sanda. Nao walio walimu wa udereva, wenye motokaa, wenye pikipiki na wazee wa usharika, mkono wao usitie sahihi jambo ambalo jicho lao halikuliona.

Bwana awalinde wote wasafirio, na hasa waendao kwa miguu. Amina.